ANA MIAKA 29, YUPO KWA MAMA, AKIDAIWA KODI ANALIA MTANDAONI

Neno "kodi" likitoka kwa mwenye nyumba wa Kijitonyama, ni neno la kawaida. Mtu atakopa, atauza sabufa, atakwepa simu siku tatu, mwisho atalipa. Neno hilohilo likitoka kwa mama mzazi, mjini panawaka moto. Eti mama kawa mpangishaji. Eti mapenzi yameisha. Eti uzungu umeingia mpaka jikoni.

Safari hii aliyewasha moto ni kijana mmoja, jina kapuni, anayepiga na kuhariri video za harusi na za wasanii wanaochipukia. Mjini anajulikana kiasi chake. Anaishi uani kwa mama yake huko Tabata, chumba masta, mlango wake mwenyewe, choo chake mwenyewe. Mama akamwita sebuleni, akamwambia kuanzia tarehe moja atakuwa analipa Sh70,000 kwa mwezi. Kijana hakujibu. Akarudi chumbani, akawasha taa zake za kazi, akajirekodi: "Wanangu, bi mkubwa kaanza kunidai kodi kama mpangaji."

Video ikatembea. Wakaja wa "pole mwamba". Wakaja wa "huyo siyo mama, huyo ni mama mwenye nyumba". Wakaja mpaka wa kumpa namba za madalali. Akaonewa huruma na watu ambao hawajui hata nusu ya kinachoendelea ndani ya geti lile.

Nusu ya kwanza ni hii. Mama yake ni mwalimu mstaafu na mjane. Alistaafu baada ya Julai 2022, kile kipindi cha kikokotoo kipya, ambapo mkupuo ulikuwa 33% na kinachobaki kinakuja kidogokidogo kila mwezi. Alichopata hakukila. Akajenga vyumba viwili uani, akaweka wapangaji wawili, na hesabu yake ya uzee ikawa imekaa sawa: pensheni ya chakula, kodi ya uani kwa dawa za presha na dharura. Kijana wakati huo alikuwa amepanga Sinza. Kodi ya miezi sita ilipoisha, hela haikuwepo, akarudi nyumbani kwa "miezi mitatu tu, maza, nijipange". Mpangaji mmoja, muuguzi aliyekuwa analipa Sh70,000 bila kusumbua, akaombwa apishe.

Miezi mitatu hiyo ina miaka miwili sasa.

Kwa hiyo mama hajabuni bei. Anadai ileile aliyokuwa anaipata kabla mwanaye hajakalia chumba. Piga hesabu: elfu 70 mara miezi 24 ni 1,680,000. Hizo ndizo hela ambazo mwalimu mstaafu ameshamlipia kodi mwanaume mwenye ndevu, kimyakimya, bila kurekodi video. Na elfu 70 ukiigawa kwa siku 30 unapata Sh2,333. Haifiki chipsi mayai na soda. Kijana huyu anazo simu mbili, mojawapo ya macho matatu, na mikeka yake ya Jumamosi haikosi.

Haya, wale wa "siyo mila zetu". Hawa ndio wengi na ndio wanaoshangiliwa zaidi, maana kusema neno "mila" kunamfanya mtu aonekane ana hekima hata kama mila yenyewe haijui. Mila ipi hasa iliyosema mwanaume mzima ale, alale, aoge, achaji simu, na asitoe chochote? Kijijini kijana aliyekomaa alikuwa anachunga, analima, anaezeka, anapasua kuni. Hakutoa hela kwa sababu hela haikuwepo. Alitoa mgongo wake.

Wanyakyusa wa Rungwe walikuwa wakali zaidi ya huyu mwalimu wa Tabata. Zamani mvulana akishafika miaka 10 au 11 alikuwa anaacha kulala kwa baba yake. Anaungana na wa rika lake, wanajenga vibanda vyao, na pale panakua kijiji chao wenyewe. Monica Wilson, mwanaanthropolojia aliyeishi nao miaka ya 1930, aliliandikia jambo hilo kitabu kizima, Good Company, kilichotoka mwaka 1951. Vijana wale walirudi kula kwa mama zao, kundi zima, leo kwa huyu kesho kwa yule. Lakini jembe lao lilikuwa kwenye shamba la baba. Ndiyo mila hiyo. Aliyehama na jembe Rungwe na aliyehamia uani na kompyuta Tabata hawafanani hata kidogo, na anayetaka kumtetea wa pili atafute kichaka kingine cha kujificha.

Na sheria je? Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 inasema mtoto ni mtu mwenye umri chini ya miaka 18. Kijana wetu ameipita hiyo kwa miaka 11. Wapo wenzake wenye ajira rasmi ambao kila mwezi Bodi ya Mikopo, HESLB, inawakata 15% ya mshahara, toka sheria ilipobadilishwa 2016 na kuitoa kwenye 8%. Wananung'unika, sawa, lakini hakuna anayesema Bodi haina upendo. Aliyewakopesha miaka mitatu ya chuo analipwa bila mjadala. Aliyewalisha toka uji wa chekechea mpaka kidato cha sita akiomba elfu 70 anaitwa katili.

Mjini hapa watu hawachukii kulipa. Wanachagua pa kulipia. Kuna msanii mmoja wa Bongo Fleva, naye jina kapuni, ana nyimbo mbili zinazopigwa redioni, na bado yupo kwa bibi yake Mwananyamala. Hakuna ubaya wowote kuwa kwa bibi. Ila siku ya kupiga video anakodi jumba la Mbezi Beach lenye bwawa, anakodi gari, anakodi mpaka cheni, na jioni anarudi Mwananyamala kula ubwabwa wa bibi ambaye gesi imemuishia toka Jumanne. Kodi ya siku moja kwenye nyumba ya mtu asiyemjua ipo. Ya mwezi kwa bibi haipo.

Sasa ile nusu ya pili, ambayo kwenye video haikuguswa kabisa.

Nyumba ile ya Tabata ina mtoto mwingine. Ni dada yake kijana huyu, ana miaka 32, anauza kwenye duka la dawa Kariakoo. Yeye hana chumba cha uani. Analala ndani, kitanda kimoja na mtoto wa marehemu kaka yao mkubwa. Hajawahi kudaiwa kodi na hajawahi kulia mtandaoni. Hesabu zake za mwezi, kwa wanaoijua nyumba ile, zinakaa hivi: Luku elfu 40, mtungi mkubwa wa gesi elfu 55, maji elfu 20, na mboga ya kila siku Sh3,000, ambayo kwa mwezi ni elfu 90. Jumla Sh205,000. Bado hajahesabu mchele, sare za shule za mtoto wa kaka, wala Jumapili za kufua mashuka.

Hiyo laki mbili na tano inaitwa nini? Haina jina. Inaitwa "dada anasaidia nyumbani". Inaitwa "ana moyo". Akiichelewesha kwa wiki moja inaanza kuitwa "siku hizi kabadilika".

Na kuna kichekesho kimoja ndani ya Luku. Toka mwaka 2021 kodi ya jengo inakatwa kwenye umeme, na toka Julai 2023 nyumba ya kawaida inakatwa Sh1,500 kila mwezi. Anayeingiza token ya kwanza ya mwezi ndiye anayekatwa. Pale nyumbani mwingizaji ni dada. Maana yake ni kwamba asiye na chumba analipa kodi ya jengo la nyumba, na mwenye chumba masta anaomba pole mtandaoni kwa kuombwa kodi ya chumba. Umeme wa taa zile alizojirekodia nao ulinunuliwa Kariakoo.

Hili ndilo linalokwepwa kwenye huu ubishi wote. Watu wanabishana kama watoto wakubwa walipe au wasilipe kwa wazazi, kana kwamba hakuna anayelipa. Wanalipa. Nyumba nyingi za mjini hapa zenye mzee mstaafu zinaendeshwa na hela ya mtoto mmoja, na mara nyingi sana mtoto huyo ni wa kike. Mabinti walishaanza kulipa siku mshahara wa kwanza ulipoingia kwenye simu. Wao hawakupewa kiasi. Waliambiwa "angalia tu utakachojaaliwa", na hiyo ndiyo kodi ghali kuliko zote, kwa sababu haina mwisho. Kodi ya elfu 70 ukishalipa umelipa, unalala. "Utakachojaaliwa" hukimalizi. Ukiongezwa mshahara nacho kinaongezeka. Ukinunua viatu unaulizwa umepata wapi hela na gesi imeisha. Mwezi ukikubana unaishia kwa wale wa kausha damu, unakopa upike, halafu mwezi unaofuata unalipa riba ya ugali ambao kaka yako alikula na kwenda kulala.

Kwa mtindo huo, mama wa Tabata alichofanya ni kitu cha heshima. Alitaja kiasi. Alitaja tarehe. Alimwita mwanaye sebuleni akamwambia usoni, hakupitia kwa shangazi wala kumpiga vijembe kwenye status. Mtu mzima kutajiwa kiasi ni kuheshimiwa. Anayetaka "kusaidia akijisikia" anataka abaki mtoto kwenye kutoa na awe mwanaume kwenye kupewa ufunguo wa geti usiku wa manane.

Kiasi kikitajwa, kinaandikwa. Na kikiandikwa kinaokoa mambo mengi mbele ya safari, maana nyumba za wazazi hazigombaniwi wazazi wakiwa hai, zinagombaniwa baada ya arobaini. Kijana huyu ameshaweka vigae uani kwa hela yake, na dari ya jipsamu yenye taa za rangi. Ngoja siku moja mama atangulie, mirathi ifike Mahakama ya Mwanzo. Atasimama kaka aseme uani ni pake, ameujenga yeye, na vigae vinaonekana. Dada atasimama na nini? Token za Luku za miaka kumi zipo kwenye meseji zilizofutwa. Gesi iliungua. Mboga ililiwa. Aliyeiweka nyumba hai hana hata risiti, na aliyeipamba chumba alichokaa bure ana ushahidi ukutani. Kungekuwa na daftari la kodi, kila mtu angejua: huyu alilipia kukaa, alikaa, hana anachodai. Na michango ya dada nayo ingekuwa na ukurasa wake.

Kuna wanaojifanya wapole kidogo. Wanasema mama apokee hiyo kodi lakini aitunze kimyakimya, halafu kijana akioa amrudishie yote kama zawadi. Inapendeza, inatoa machozi, inafaa kwa filamu. Kwa mstaafu wa presha haifai. Vidonge vyake vinanunuliwa kwa hela gani wakati hela ya kijana imelazwa ikimsubiri bibi harusi? Anayetaka kuwekewa akiba aende benki, au acheze mchezo na wenzake, au aingie kikoba. Mama hana wajibu wa kumlea mara ya pili kwa siri.

Sasa, maisha ni magumu, hilo hakuna anayelibisha. Mwenye nyumba wa mjini anataka miezi sita kwa mkupuo, wengine mwaka mzima. Chumba masta cha elfu 120 ni 720,000 kabla hujaweka hata kijiko, dalali naye anataka ya mwezi mmoja, zinakuwa 840,000, ukiacha hela za kuonyeshwa vyumba vitano ambavyo vitatu vilishachukuliwa juzi. Kwa kijana anayeanza kazi hilo ni ukuta, na ndiyo maana kurudi nyumbani siyo aibu. Lakini hoja hiyohiyo inamgeuka. Kwa mama hakuna miezi sita. Hakuna dalali. Hakuna kufungiwa mlango kwa kufuli la nje. Anaombwa ya mwezi mmoja mmoja, kwa bei iliyo chini ya masta yoyote ya Sinza, na chakula juu. Ofa kama hiyo angeitangaza mtu baki kungekuwa na foleni mpaka barabarani.

Asiye na kazi ni habari nyingine, na asiingizwe humu kwa nguvu. Mtu anazunguka na bahasha toka mwaka juzi, anarudi jioni vumbi mpaka kwenye kope, huyo hadaiwi kodi na mzazi anayemdai anamvunja. Huyo ana mikono: kuna tanki la kujaza, kuna mzee wa kupeleka kliniki, kuna mtoto wa kufuata shule, kuna vyombo. Ndiyo, vyombo, hata kama ni wa kiume. Tatizo ni yule anayejiita hana kazi mbele ya mama na "CEO" kwenye wasifu wake wa Instagram.

Wapo pia wazazi wa hovyo, na kuwakalia kimya kwa sababu ni wazazi ni unafiki. Kuna baba anayechukua kadi ya benki ya binti yake na kumrudishia nauli. Kuna mama anayemdai kodi binti aliyerudi na talaka, huku mabwana wawili wazima wanalala sebuleni mpaka saa tano asubuhi na hawaulizwi chochote kwa sababu "wanaume bado wanajitafuta". Wanajitafuta miaka saba, hawajionekani. Hiyo siyo kodi, huo ni unyang'anyi uliovalishwa kanga. Kama nyumba imeamua watu wazima walipe, walipe wote wenye kipato, na mwenye kufaidi zaidi alipe zaidi. Wa chumba masta asilingane na wa kitanda cha kushea.

Na binti anayelipa kila kitu akisema sasa anataka akapange, ndipo utaona sura halisi ya hizo mila. Ghafla mwanamke hakai peke yake. Ghafla ataharibikiwa. Watu watasema nini? Kaka yake alipopanga Sinza akiwa na miaka 26 hakuna aliyeitisha kikao. Yeye ana miaka 32, na kikao kinaitishwa na mtu anayejua kabisa kwamba akiondoka, Luku itazima siku ya tatu.

Dada yule wa duka la dawa ameshasema mara mbili anataka chumba chake, huko njia ya Mbezi Luis, awe anapanda mwendokasi kwenda kazini. Mara zote mbili amebaki kwa sababu hela haikutosha. Kaka akilipa elfu 70 yake ya chumba, hiyo ya mama, na akabeba nusu ya ile Sh205,000 ya kuendesha nyumba, dada atabakiwa na Sh102,500 kila mwezi ambayo leo haipo. Miezi tisa ni 922,500. Humo inatoka kodi ya miezi sita, anatoka dalali, na inabaki ya kukodi kirikuu kubebea godoro na mtungi wake mdogo wa gesi.